Mlinzi Asiyekaa Getini

Mume wangu Theodori ni mlinzi, na kama kuna kazi ambayo Mungu hakumuumbia ni hiyo. Mlinzi anakaa getini. Theodori hakai. Mgeni akija anasimama, anampa mkono, anamuuliza habari za kwao, na kabla hujageuka ameshaondoka naye. Nimeishi na huyu mtu tangu ujana, nimemzalia Brightness, nimemfulia, nimemkaripia, na tabia hiyo haijamtoka.

Kwao ni juu huko Mbulu. Alishuka Babati kijana mwembamba, akaanza kubeba magunia ya mbaazi kwenye maghala ya kando ya mto, halafu akaingia kwenye kinu cha alizeti, akawa mtu wa mashine. Alinuka mafuta mpaka kanisani. Kinu kilipofungwa tukabaki na shamba letu la Nakwa, mahindi na maharage. Shamba lilitulisha, siwezi kusema uongo, lakini Theodori alizimika. Akitoka kulima anakaa kwenye kigoda, anatazama ukuta. Ukimsemesha anajibu "ee", basi. Mwanaume aliyekuwa anaongea mpaka usingizini! Niliogopa sana, na sikuwa na wa kumwambia.

Ule mtaa wa viwanda uliachiwa popo na magugu, hadi ulipokuja mradi wa kuufufua. Wakabadilisha mabati, wakasafisha matofali, wakapanda miti kando ya mto. Ghala la mbaazi likawa karakana ya maseremala na mafundi wa kuchomelea. Jengo la mashine ya unga likawa mgahawa, watu wanakunywa kahawa palepale tulipokuwa tunatoka tumejaa unga mpaka kwenye kope. Kinu cha alizeti wakakiacha kama kilivyo, na bomba lake refu la moshi, watu waje kukiangalia. Wakasimika vibao vyenye namba na mishale ya kijani. Mgeni anapewa ramani getini, anafuata mishale mwenyewe, anasoma mwenyewe jengo lilijengwaje na lilifanya kazi gani. Hakuna wa kumwongoza, ndivyo walivyopanga.

Theodori akapewa ulinzi wa geti. Siku ya kwanza alirudi nyumbani akiongea tangu njiani, nikamsikia kabla sijamwona. Nilimshukuru Mungu huku nasonga ugali.

Lakini jamani, mwambie mtu wa kwetu kwamba mgeni ameingia, na yeye mwenyeji akae kwenye kiti amtazame anavyoishia peke yake! Kwetu hata jirani aliyekuja kuomba chumvi unamsindikiza mpaka njiani. Usipomsindikiza, kesho watasema umemfukuza. Theodori akaanza na "nakufikisha hapo kwenye kibao cha kwanza tu". Cha kwanza kikazaa cha pili, cha pili kikazaa mgahawa, mwisho yuko kule barabara kubwa anampakiza mgeni kwenye bodaboda na kumpungia mkono. Na geti? Geti liko wazi, mbuzi wa watu wamo ndani wanakula miti ya mradi.

Na maelezo yake sasa, loo! Ungedhani anajua. Hajui lolote. Kibao kinaeleza mambo ya matofali na jinsi upepo unavyopita chini ya paa. Yeye anasimama mbele ya hicho kibao, anamziba mgeni asisome, anamwonyesha dirisha aliloruka mwenzake Leonsi siku walipovamiwa na nyuki. Ukimuuliza jengo ni la lini, anakuambia, "La zamani hilo." Wapo waliocheka mpaka wakashika mbavu. Wapo pia waliotaka kutembea kimya na kupiga picha zao, wakamweleza Joyce, msimamizi wa mradi, kwamba yule mzee ni mwema lakini hanyamazi. Na mimi siwalaumu.

Joyce ni binti wa watu wa Dareda, amelelewa, hakupiti bila shikamoo. Alimwonya kwa upole, akamwonya tena. Mara ya mwisho na mimi nilikuwepo, nimepeleka chakula.

"Baba Brightness," alisema, "nakuheshimu kama baba yangu mzazi. Lakini miti imeliwa, na wakubwa wananiuliza mimi. Ukiacha geti tena nitatafuta mlinzi mwingine. Tafadhali, usinifikishe huko."

"Nimesikia, mwanangu."

Nyumbani nilimpa vidonge vyake. "Sikio la kufa halisikii dawa, Baba Brightness! Unataka kurudi kutazama ukuta?" Akasema atakaa. Nikamwangalia usoni, nikaona anaogopa kama ninavyoogopa mimi. Kesho yake nikafunga kitenge, nikabeba maharage yangu kwenye ungo, nikaenda kukaa naye getini nimchunge kama ndama.

Asubuhi alikaa. Wageni walipita, akawapa ramani, kisha akaikalia mikono yake. Nakuambia aliikalia kweli! Nilimwonea huruma.

Mchana akaja mama mmoja mtu mzima, peke yake, amevaa sweta zito na viatu vya kanisani. Akasema anaitwa Romana, ametoka Mutuka, na marehemu mumewe alifanya kazi humu ndani.

"Nilikuwa naishia hapa getini na chakula chake," alisema. "Hatukuruhusiwa kuingia. Sijawahi kuona alikokuwa anashinda."

"Marehemu ni nani?" Theodori akauliza.

"Yohanes. Alikuwa anachochea moto wa kinu."

Theodori akafungua mdomo, akaufunga. Akampa ramani. Mama Romana akaigeuza, akaigeuza tena, akashukuru, akaanza kutembea upande usio na mshale hata mmoja. Mume wangu akanitazama. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Sasa mimi, mwenye mdomo wote huu, mimi niliyekuja kumchunga, ndiye niliyesema.

"Nenda."

Hakusubiri nirudie. Nikahamia kwenye kiti chake na ungo wangu, nikafukuza mbuzi wawili, na nilipogeuka Joyce huyu hapa.

"Shikamoo, mama. Baba yuko wapi?"

"Marahaba. Mlinzi wa leo ni mimi."

"Mama, jamani!"

Nikamweleza ukweli wote, na kwamba mimi ndiye niliyemtuma. Akachutama pembeni yangu, akaanza kuchambua maharage, tukasubiri. Waliporudi, Mama Romana alikuwa amemshika Theodori mkono, uso umelowa, na anacheka. "Nimeona aliposimama," akatuambia. "Ukuta bado ni mweusi." Joyce akampa pole na kumkaribisha vizuri. Halafu akamgeukia mume wangu.

"Baba, nilisema."

"Ulisema, mwanangu. Huna kosa."

Akavua koti la ulinzi, akalikunja taratibu, akampa pamoja na ufunguo. Nililia palepale, kwa nini nifiche? Nilikuwa nakiona kile kigoda na ule ukuta wa nyumbani, na mume wangu akizimika tena, safari hii kwa mdomo wangu mwenyewe.

Tukaaga. Mama Romana ilibidi apelekwe barabarani, kwa hiyo tukatoka wote watatu. Hatujafika mbali, Joyce akatufuata, koti liko mkononi.

"Ngojeni niwasindikize kidogo."

Kidogo hicho! Akatupitisha kwenye miti, akatupitisha madukani, anamsimulia Mama Romana habari za mama yake wa Dareda na ugonjwa wa magoti. Tukafika barabara kubwa ya kwenda Bagara. Joyce mwenyewe akasimamisha bajaji, akampandisha mama wa watu, akampungia mpaka ikapotea. Theodori akakohoa kidogo.

"Mwanangu, getini umemwacha nani?"

Joyce akatazama koti mkononi. Akatazama tulikotoka. "Yesu wangu," akasema. "Sijamwacha mtu." Akaziba uso kwa lile koti, mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Kumbe anacheka, anacheka mpaka akashika nguzo ya umeme. Alipopata pumzi akalikunjua, akamvalisha mume wangu, akamfunga na vifungo, mkono wake ukirekebisha kola kama anampeleka shule.

"Twende, baba. Mbuzi watamaliza miti."

"Twende, nikurudishe," akasema Theodori.

Wakaondoka haraka haraka, wote wawili wanaongea kwa pamoja, hakuna anayemsikiliza mwenzake, wala hakuna aliyegeuka nyuma. Mimi na ungo wangu tukabaki kando ya barabara. Nikarudi nyumbani Nakwa peke yangu, na katika wasindikizaji wote hao, hakuna hata mmoja aliyenisindikiza.