Swichi Chini ya Klachi

Fundi yule wa Ipogolo, kule Iringa, sikumwamini tangu siku ya kwanza. Mtu anatengeneza gari letu na wakati huo huo anatengeneza la mpinzani wetu, tajiri wa mchele wa Chimala, wewe ungemwamini? Tena alikuwa mpole mno, kila kitu "inshallah, dada". Mtu mpole kupita kiasi mimi humtazama mara mbili.

Gari lenyewe lilikuwa gari dogo kuukuu la marehemu baba. Kaka yangu aliliendesha kwenye mbio za barabara za vumbi, mimi nikikaa pembeni kumsomea njia. Kwetu Ilomba, breki ya mkono ya gari la zamani haitegemewi na mtu. Ukiliegesha unaliacha kwenye gia na kuweka jiwe kwenye tairi. Asubuhi, kwa baridi yetu, watu hupitisha mkono dirishani na kuliwasha wakiwa nje, injini ipate moto wao wakinywa chai. Ila lazima ukumbuke kutoa gia kwanza. Siku moja kaka hakukumbuka. Gari lilipanda jiwe, likapasua pipa la maji, na mama alikuwa amesimama pembeni ya pipa hilo na birika mkononi.

Fundi aliposikia kwa simu, akasema atatufungia swichi chini ya pedali ya klachi. Bila kukanyaga klachi mpaka mwisho, stata haizunguki na gari haliwaki. Kaka akawaka.

"Achana na hiyo kitu. Gari la mzee limeishi miaka yote bila swichi."

Nilifurahi. Nikajua sasa tumekuwa wawili tusiomwamini huyu bwana. Lakini mama alisema bila swichi gari hilo halirudi tena uani kwake, na kwetu mama akishasema yamekwisha.

Mbio zilikuwa Iringa. Safari yote niliendesha mimi, kaka akidai anatunza nguvu. Tuliposimama Chimala kula, kandambili ilimvuka mguu wa kushoto, naye akaendelea kutembea hadi mezani bila kujua. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

"Kaka umezeeka, unasahau mpaka miguu!"

Yeye hakucheka. Alirudi akaiokota.

Mchana ule, tulipofika kwake Iringa, fundi akaifunga swichi, nami nimemganda kama kupe. Alipomaliza aliniambia, "Dada, jaribu mwenyewe." Nikakanyaga klachi, likawaka. Lakini gesti yetu haikuwa na geti, ikabidi gari lilale uani kwa fundi, na la yule wa Chimala lilikuwa uani humo humo. Kikulacho ki nguoni mwako. Roho yangu haikutulia hata kidogo.

Asubuhi fundi alituletea gari, likapangwa foleni na mengine kwa ukaguzi. Kaka akaingia na mabuti yake ya mbio, akafunga mkanda, akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Kimya. Yule wa Chimala akageuka kututazama, na ningeapa alikuwa anatabasamu.

"Si nilisema!" nikapiga kelele. "Wamekata waya hawa!"

Fundi akaja mbio. "Braza, kanyaga klachi mpaka chini."

"Nimekanyaga!"

Sikumsubiri fundi aguse kitu. Nilifungua mlango wa kaka, nikainama chini ya usukani na tochi ya simu kutafuta waya uliokatwa. Nyaya zote zilikuwa nzima. Buti la kaka lilikuwa juu ya pedali likitetemeka, na pedali imeshuka nusu tu. Mikono yake miwili ilikuwa imeshika goti, inalisukuma.

"Kuanzia hapa sisikii kitu," akaninong'oneza. "Muda sasa. Usiwaambie, mdogo wangu."

Niliogopa, nikabaki nimeinama vilevile. Nilikumbuka kandambili na nilivyocheka. Nilikumbuka kona zote nilizokaa pembeni ya mguu ule, macho yangu yakichunga mikono ya watu wengine.

"Vipi huko?" mkaguzi akauliza.

Nikasimama. "Swichi imekufa. Fundi kaifunga vibaya. Sisi hatukimbii leo."

Nilisema kwa sauti, mbele ya wateja wake wote. Fundi alinitazama. Kisha akamtazama kaka, ambaye mikono yake bado ilikuwa kwenye goti.

"Kweli, dada," akasema, naye kwa sauti. "Kosa langu. Mnisamehe."

Watu walipokimbilia kulitazama gari la kwanza likiondoka, kaka akahamia kiti changu, akiuinua mguu kwa mkono. Nikakaa kwenye usukani, nikakanyaga klachi mpaka chini. Likawaka mara moja.

Fundi peke yake ndiye aliyekuwa amebaki. Aliinama, akaondoa jiwe letu kwenye tairi, akaja dirishani kwangu.

"Hospitali iko juu, mjini," akasema. "Nenda taratibu, dada."