Ukuta wa Dobi

Dobi alikuwa na ugomvi na upepo. Kila shuka ya nyumba ya wageni aliyoianika nyeupe, upepo uliirudisha nyekundu kwa vumbi, ukipenya katika uchochoro ulio kati ya nyumba yake na ya jirani. Siku uvumilivu ulipomwishia akamwita kaka yake, fundi mwashi, akauziba uchochoro kwa matofali.

"Sasa upite juu, mshenzi wewe," Dobi aliuambia upepo.

Binti yake alikuwa na miaka saba, na hakuona tangu kuzaliwa. Walimwita Pua, maana alinusa mvua kabla mawingu hayajakusanyika. "Mama, anua. Udongo unanukia," alikuwa akisema, na shuka zikapona.

Asubuhi ukuta ulipokamilika, Pua alitoka mlangoni na kikombe chake kwenda bombani, kama kila siku. Akasimama. Akageuza shavu huku, akageuza kule. Kisha akatembea moja kwa moja kuelekea pipa la shuka lililokuwa likichemka mekoni. Dobi alimdaka ukosi, shubiri moja tu kabla ya moto.

"Macho huna, na akili pia huna?"

Neno likishatoka halirudi.

"Upepo haupo, mama. Hunigusa shavu la kushoto, ndipo nakata kona. Na harufu ya mpera wa jirani siisikii."

Miaka yote hiyo Dobi alijisifu kwa watu kwamba mwanawe ameukariri ua kwa akili. Hakuwahi kumuuliza. Hasira zikampanda hadi utosini, akamgeukia kaka yake aliyekuwa akiosha mwiko.

"Umemfungia mtoto njia!"

"Dada, si wewe uliyeutaka ukuta?"

Ni kweli, na ukweli huo ukamchoma zaidi. Akanyakua nyundo.

"Dada, saruji bado mbichi."

"Ndiyo nzuri."

Akagonga. Kaka mtu akataka kumzuia, akamwona uso, akakaa chini. Pua alisimama mlangoni, shavu mbele.

"Bado," alisema. Tofali likaanguka. "Bado, mama."

Matofali mawili zaidi yakaanguka.

"Hapo."

Akakata kona, akafika bombani, akajaza kikombe.

Nyuma yake shuka zilikuwa zimeshaanza kuwa nyekundu. Dobi alizinyofoa kambani moja moja, bado amefura, akazitupa tena pipani.

"Vumbi hufulika," alimfokea kaka yake, ambaye hakuwa amesema kitu.