Masale ya Kwenye Makopo

Iko asubuhi moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka bado nashika kifua, ingawa siku hizi nakishika huku nacheka. Niliamshwa na sauti ya jirani yetu, Mzee Aloisi, akiita jina la baba mkwe wangu kutoka upande wa pili wa mpaka. Hakusalimia. Mzee wa kijijini kwetu akianza asubuhi bila habari za kuamka, ujue kuna jambo.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Umeniomba nasaha kwa kuwa unataka kuzifanya keki zako biashara. Mimi habari za keki sijui, najua kula tu. Lakini kukigeuza unachokipenda kiwe riziki, njia hiyo nimeipita na nimejikwaa humo.

Nilikuwa mke mgeni huku mlimani, kwenye kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa. Wenzangu walipenda vitenge, mimi nilipenda maua. Kopo la rangi likitupwa naliokota, natoboa tundu chini, najaza udongo na samadi, napanda. Baraza ikajaa makopo hadi baba mkwe akawa anaingia ndani kiubavu. "Haya maua tutayapikia mtori?" alinitania. Nami nacheka, naongeza kopo jingine. Kipenda roho hula nyama mbichi.

Siku za soko nikawa nashuka nayo Moshi mjini, ndani ya karai, kichwani. Yakanunuliwa! Sikuamini kwamba mtu anaweza kutoa hela yake kwa kitu nilichokifanya kwa raha zangu. Kisha mama mmoja wa mtaa wa Soweto, pale pale mjini, aliyekuwa amemaliza kujenga, akanishika mkono. "Binti, mimi nataka yale majani marefu yanayosimama wima. Niletee mengi, niyapange kutoka getini mpaka mlangoni." Nikajua anasema masale.

Wewe umezaliwa mjini, acha nikueleze. Kwetu sale ndilo mpaka. Wazee wakigawa ardhi hupanda masale kwa mstari, na mstari huo hata mlevi anayetoka kwenye mbege akiuona anajua hapa si kwao. Tena ukimkosea mtu, unachuma jani la sale, unalipiga fundo, unampelekea. Akilipokea, yamekwisha. Haya yote niliyajua, ndiyo maana sikung'oa hata sale moja la mpakani. Nilikata vichwa tu, maana shina linachipua tena, na kile kipande ukikichomeka penye unyevu kinatoa mizizi.

Sasa huo unyevu ndio ulioniponza. Ulikuwa kando ya mfereji, na mfereji ulipita ndani ya kihamba cha Mzee Aloisi. Jioni ya kuamkia asubuhi ile, kwa haraka zangu, nikavichomeka vipande vyangu pembeni mwa maji, kimoja baada ya kingine. Nikavinyoosha vizuri kabisa, maana napenda kitu kilichopangika. Nikaenda kulala nikiliwaza geti la yule mama.

Mwanangu, nilikuwa nimempandia mzee wa watu mpaka mpya katikati ya shamba lake.

Alipouona alielewa kile ambacho mtu yeyote wa huku angeelewa: ukoo wa jirani umemtuma mke mgeni kuja kumega ardhi. Wanawe wakatoka na mapanga. Mume wangu na ndugu zake nao wakatoka. Nikapaza sauti kwamba ni mimi, kwamba ni miche tu, lakini nani amsikilize bi harusi? Baba mkwe akawarudisha vijana ndani, kisha akanigeukia na kusema polepole, "Leo makopo yote yaondoke kwangu." Angenifokea ningepata nafuu. Nyumba mbili zilizokuwa zikiazimana chumvi zilikuwa karibu kumwagiana damu kwa ajili ya maua yangu, na maua yenyewe nayo nimeyapoteza. Nililia kweli.

Bibi yake mume wangu alikuwa kwenye kigoda akimenya ndizi. Akaniita.

"Mikono yako inajua kuotesha sale," akasema, "ila masikio yako hayajui linasema nini. Uliyaona maji, hukumwona mwenye shamba. Ungepiga hodi kwake jana, leo angekushikia jembe. Kuuliza si ujinga. Haya, kachume jani uende. Mwenyewe, sio na mumeo."

Nikaenda na fundo langu la sale. Nikapiga magoti mlangoni kwa Mzee Aloisi. "Shikamoo, baba." Akalitazama lile jani.

"Umelichuma wapi hili?"

Kudanganya sijui. "Kwenye yale niliyopanda kwako, baba."

"Yaani umekuja kuniomba radhi kwa sale la shambani kwangu?"

Nikajua nimekwisha. Mara nikaona mabega yake yanatikisika. Mzee anacheka! Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Marahaba, mama, marahaba," akasema akijifuta macho. "Huyu si mnyang'anyi. Mnyang'anyi angekuwa na akili kidogo." Akanyoosha mkono, akalipokea jani. Nimezaa watoto, nimepona magonjwa, lakini nafuu niliyoisikia pale mlangoni sijaisikia tena.

Kisha akaniinua. "Nisikilize vizuri. Sale likiwa kwenye kopo ni ua. Likiwa ardhini ni neno. Usimpandie mtu neno kabla hujazungumza naye." Akaagiza mbege, na nyumba zote mbili zikanywa kwa kata moja. Baba mkwe alipofikiwa na kata alikunywa, akafuta mdomo, akaninong'oneza, "Makopo yabaki. Ila nipishe mlangoni."

Vipande vikahamia makoponi, na makopo yakakaa kando ya mfereji, safari hii kwa ruhusa ya mwenyewe. Yule mama wa Soweto akapata masale yake. Hiki kitalu cha Shirimatunda unachokiona leo kilianzia pale. Na Mzee Aloisi, mpaka anaingia kaburini, alinitambulisha kwa wageni kama yule binti aliyetaka kumdhulumu shamba kwa vijiti.

Basi, mwanangu, uza keki zako wala usione haya. Riziki inayotoka kwenye raha yako ni halali. Ila kitu unachokipenda, kikiwa chumbani ni chako peke yako. Ukikitoa nje kinakuta watu na desturi zao. Umeniambia utaliweka jiko kwenye uwanja mnaotumia na wapangaji wenzako. Umewauliza? Nenda leo, piga hodi mlango kwa mlango, na usiende mikono mitupu wakati keki unazo. Na siku ukikosea, maana utakosea, nenda mwenyewe, mapema, useme ukweli hata kama ni wa kuchekesha.

Mungu aibariki mikono yako. Unga wako uumuke, majirani wawe wateja wako wa kwanza, na siku utakayopiga magoti kwenye mlango wa mtu, afungue anayejua kucheka.