Mita ya Nyumba Iliyofungwa

Kazi ya kusoma mita za maji haina sifa. Ukipita mtaani na daftari kwapani na kipande cha nondo cha kufunulia mifuniko, hakuna anayekugeukia, labda mbwa. Lakini Mama Mita, ndivyo watu walivyomwita, aliifanya miaka ishirini na miwili na kujiona mkuu wa wilaya. Alijua nani kaongeza mpangaji kimyakimya, nani kasafiri, na nani anajigamba msafi kumbe anaoga kwa kopo moja. "Mimi sihitaji umbea," alikuwa akisema. "Nasoma tu namba."

Mdomo wake haukulala. Hata saratani ya titi haikuunyamazisha. Titi la kushoto lilikatwa, watu wakampa pole, wakasahau. Kisha ugonjwa ukaibuka tena kwenye mifupa ya mgongo na nyonga, na hapo ndipo hao hao wakaanza kumsemesha kwa sauti ya msibani. Jambo hilo lilimkera kuliko maumivu.

Daktari alimpa vidonge vya namna nyingine, si dawa zile zinazounguza mwili mzima na kunyonyoa nywele. Alimweleza kwamba seli za saratani zina njia yao ya kupokea amri ya kuzaliana, na kazi ya vidonge hivi ni kuiziba njia hiyo tu.

"Yaani mnafunga koki," alisema Mama Mita.

Daktari alicheka, akakubali kwamba ndiyo, ni kama koki.

Na kweli ikafungika. Miaka miwili mizima alitembea mitaa yake, akitaniana na wauza duka na kugombana na wenye mbwa. Kila mwezi alikwenda kliniki, nesi akamuuliza kama kuna jambo jipya, naye akajibu, "Kama mwezi uliopita." Mashine ya picha ilikuwa na foleni ndefu, kwa hiyo waliotangulizwa ni wale wenye malalamiko. Asiye na lalamiko alingoja zamu yake.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, mzee mmoja mstaafu aliyeishi peke yake alifariki. Wanawe walizika, wakatia mnyororo mlangoni, wakaondoka. Ofisi ikamtuma Mama Mita afunge maji. Alichuchumaa langoni, akaikaza koki kwa spana mpaka ikalia, akaandika namba ya mita na kusaini. Imefungwa.

Mwezi wa tatu akapita tena na kufunua mfuniko. Kile kigurudumu chekundu kidogo, kinachozunguka maji yanapopita, kilikuwa kinazunguka.

Kilizunguka polepole, kama kinamsubiri mtu. Mama Mita akatia spana, akakuta koki imekaza vilevile. Akainua macho kutazama nyumba. Madirisha yamefungwa, mnyororo uko palepale, ndala za marehemu zimepangwa barazani. Ilikuwa saa nne asubuhi na jua limewaka, lakini mikono yake ilisisimka hadi mabegani. Kutoka ndani alisikia maji, kama mtu anayeosha vikombe bila haraka, kimoja kimoja.

"Hodi," aliita.

Sauti ikakatika.

Akangoja. Hakuna aliyeitika. Akashusha macho kwenye mita, na kigurudumu bado kinazunguka. Basi mama wa watu akaandika namba ileile ya mwezi uliopita, akarudisha mfuniko, akaondoka mbio za heshima, zile za mtu asiyetaka kuonekana anakimbia.

Usimcheke. Angesema nini ofisini? Akisema mita inazunguka, wataambiana hakufunga koki na alisaini uongo. Akisema alisikia mtu ndani ya nyumba isiyo na mtu, watasema dawa zimempanda kichwani, mama apumzishwe. Na kupumzishwa ndiyo ilikuwa hofu yake kubwa. Akiwa na daftari yeye ni Mama Mita. Bila daftari ni mgonjwa, wa kukaa kitini na kuletewa uji na watu wenye nyuso ndefu.

Mwezi uleule kitu kikaanza chini ya mbavu zake za kulia. Hakikuwa maumivu hasa. Ilikuwa kama dole gumba la mtu linabonyeza kutokea ndani, likiachia, likibonyeza tena. Alijiambia ni mkanda wa mkoba. Akahamishia mkoba bega la pili, na dole likabaki palepale.

"Kuna jambo jipya?" nesi akauliza.

"Kama mwezi uliopita."

Hivyo ndivyo miezi ilivyokwenda. Nyumba ile aliiacha iwe ya mwisho kwenye mzunguko wake, na kila mara alifunua mfuniko akiomba akute kimya. Kila mara kigurudumu kilizunguka, kwa kasi kidogo kuliko mwezi uliotangulia. Mwezi wa sita alichuchumaa pale muda mrefu, akahisi dole linabonyeza kigurudumu kinapomaliza duara, na linaachia kinapoanza jingine. Alihesabu mara saba, halafu akakataa kuhesabu tena. Nyumbani alilegeza vifungo vya sketi. Chakula kilimshinda baada ya vijiko vitatu, na binti yake alipomuuliza, alisema amekula kwa watu.

Mwezi wa nane fundi cherehani wa nyumba ya jirani alikwenda ofisini kulalamika. Ukuta wake unatoa jasho, alisema, na akikanyaga pedali anahisi sakafu inapumua. Msimamizi akamtuma fundi bomba, na kwa kuwa mtaa ni wa Mama Mita, akamwambia aende naye.

Fundi bomba alikata mnyororo. Ndani palikuwa pakavu na pametulia. Vikombe vilikuwa rafuni, vimefunikwa vumbi, hakuna hata kimoja kilichoguswa. Kalenda ilisimama mwezi wa pili. Mama Mita alitaka kutangulia sebuleni, na fundi akamvuta mkono kwa nguvu.

"Subiri, mama. Sikiliza."

Akagonga sakafu kwa fimbo. Ilitoa sauti ya mtungi mtupu. Akagonga tena, na kipande cha saruji kikubwa kama godoro kikashuka taratibu bila kishindo, kikazama. Chini yake yalikuwa maji meusi, yametulia tuli, na nyuso zao mbili zikiwatazama kutoka humo. Kwa nje nyumba ilikuwa nzuri, rangi haijabanduka hata kidogo. Fundi aliapa kimoyomoyo, midomo ikicheza, akarudi kinyumenyume hadi barazani.

Walichimba langoni.

"Koki yako ilifungwa vizuri kabisa," fundi alisema akiwa shimoni. "Ila kuna bomba la zamani huku chini. Linachepuka baada ya mita, linaizunguka koki na kutokea chini ya nyumba. Labda lilikuwa limeziba kwa kutu, na ulipofunga hapa, maji yakasukuma huko."

"Na ile sauti ya vikombe?"

"Sauti gani?"

Fundi aliomba daftari, akafunua kurasa, akaona namba moja imeandikwa miezi yote, kwa mwandiko mzuri. Alimtazama, akalifunga, akamrudishia. Aibu ilimpanda Mama Mita mpaka masikioni. Akakaa juu ya kifusi, dole likambonyeza, na kwa mara ya kwanza akaliogopa waziwazi. Akatoa simu, akampigia binti yake ampeleke hospitali.

Picha ilipigwa wiki ileile. Daktari aliwakaribisha wote wawili, akavuta kiti karibu.

"Hukukosea kumeza vidonge, na vidonge havikuwa vibovu," alisema. "Ugonjwa wenyewe umebadilika. Pale tulipoziba pamezibika mpaka leo, lakini seli zimejitafutia njia nyingine. Sasa ugonjwa uko kwenye ini."

Mikono ya Mama Mita ilisisimka tena hadi mabegani, mchana kweupe, kama siku ile langoni.

"Maumivu yalianza lini?"

"Wiki iliyopita," binti alijibu haraka. "Ndivyo alivyoniambia."

Mama Mita alitazama viganja vyake. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeshapangwa vizuri. "Mwezi wa tatu," alisema.

Daktari aliweka kalamu chini. "Mwezi wa tatu tungekuwa na dawa mbili za kuchagua. Moja inataka ini lenye nguvu, na lako halina tena. Imebaki ile nyingine. Kwa wengine inafanya kazi, kwa muda."

Binti hakulia. Alimgeukia mama yake taratibu. "Kila Jumapili nilikuwa nakuuliza, mama."

"Ulikuwa unaniuliza."

"Nikakuamini."

Kwenye korido mtu alikuwa anasukuma kitanda, gurudumu moja likilia. Mama Mita alitafuta utani, hata mmoja, wa kumtuliza mtoto. Hakuupata.

Binti alivuta fomu iliyokuwa mezani, akachukua kalamu. "Daktari, tunaianza hiyo iliyobaki," alisema. "Na kuanzia leo, ukitaka kujua hali yake, niulize mimi."

Daktari alimtazama Mama Mita kuona kama atabisha. Hakubisha.