Karatasi Mfukoni mwa Afisa

Juzi forodhani Matrah, Omani, kwenye foleni mbele yangu alisimama bibi mmoja aliyekimbia mapinduzi ya Unguja, kakumbatia taipureta ya Kimarekani iliyoundwa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Babu yake aliinunua kwa mfanyabiashara wa huko huko Marekani.

Afisa akapapasa vitufe vyake. "Hii si ndiyo ya kuchapishia karatasi za siasa?" aliuliza kwa Kiarabu.

"Nnawaandikia watu barua," alijibu bibi. "Ndiyo inayowalisha wanangu."

"Basi andika, nione."

Bibi akatia karatasi, akapiga kwa hasira hadi meza ikatetemeka. Afisa, asiyejua herufi za Kizungu, akanipa mimi. "Soma."

Bibi aliandika: "Huko tumenyang'anywa kila kitu, na nyinyi hapa mwataka hata hiki?"

Nikamfasiria: "Mungu akupe umri mrefu, bwana mkubwa."

Afisa akatabasamu, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Pita, mama."

Mmarekani aliyevumbua mashine ile alitaka maandishi ya kila mtu yasomeke vizuri. Hilo ndilo linaloninyima raha: kila nikimwona karani ajuaye Kiswahili akielekea forodhani, moyo hunienda mbio.