Sauti Yake Juu ya Yangu

Walioninyima shule ni wawili: mwalimu wetu wa darasa la nne, na mama mdogo, yaani mke mdogo wa baba. Watu husema ilikuwa njaa. Njaa ilikula mahindi na ng'ombe. Haikushika rekoda.

Rekoda hiyo ya kaseti, mwalimu aliitumia kunasa masomo ya redio, kisha akawa anaturudishia mpaka yatuingie. Baadaye akaanza kutunasa sisi wenyewe tukisoma, ili kila mtu asikie anapokosea. Hapo ndipo darasa zima lilipojua nilimshinda binti wa mama mdogo. Yeye alisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Miaka hiyo darasa la nne lilikuwa bure, la tano la karo. Baba, kibarua wa reli kule Sultan Hamud, alituma neno kwamba atasomesha mmoja tu, yule anayesoma vizuri. Ripoti hangeweza kuisoma. Mwalimu akasema, "Nitampelekea sauti zenu. Likizo napitia huko."

Nilisoma ukurasa mzima, habari ya nyuki, bila kukwama. Kisha akaingia binti wa mama mdogo, ambaye wiki nzima alikuwa amekaririshwa ukurasa huo huo. Nikachungulia dirishani. Mwalimu alirudisha kaseti nyuma, akairudisha tena, ndipo akabonyeza kumnasa.

"Mwalimu, umepitiliza!"

Akacheka. "Wewe uliyepanda punda tu, utanifundisha mashine?"

Siku mbili kabla, mama mdogo alikuwa amempelekea kibuyu cha asali. Mwaitu, mama yangu, hakuwa na hata yai la kupeleka.

Mwisho wa mwezi baba alikuja, akanikuta mtoni nikichimba maji mchangani.

"Kwa nini ulikwama, mwanangu? Mistari miwili, halafu mwenzako akasoma mpaka mwisho."

"Baba, sikukwama. Walinifuta."

"Mashine haina mama mdogo," akasema. "Nimesikia kwa masikio yangu."

Nikamfuata mpaka nyumbani. Alipotoa sukari aliyotuletea, nikachukua kipande cha gazeti kilichoifunga, nikakisoma mbele ya wote: bei ya pamba, mtu aliyepotelewa na baiskeli, mpaka pale palipochanika.

"Hiyo amekariri," mama mdogo akasema.

"Amekariri lini," mwaitu akamjibu, "na sukari imeingia boma hili sasa hivi?"

Baba akakichukua kile kipande, akakigeuza. Kisha akatoa kwenye mfuko sare mpya ya shule. "Kumbe unajua," akaniambia polepole. "Lakini nimeshashonesha. Mwalimu alikuja na kipimo pamoja na kaseti."

Kipimo cha nani? Si changu. Hata hivyo baba alijaribu kunivika. Nguo ikagoma mabegani. Akavuta, mshono ukalia, akaogopa kuiharibu. Pesa za kitambaa kingine hakuwa nazo.

Jumatatu binti wa mama mdogo aliivaa. Leo yeye ni mwalimu, na Jumapili ndiye husoma neno kanisani. Watu husema, ah, huyu amesoma! Mimi huinamia Biblia yangu, nikimtangulia kimyakimya kila mstari, nikimngojea afike.