Namna Nilivyomuonyesha Buko Wangu Muji

Ijumaa ile boti kutoka Moba ilipofika, mimi nilijificha nyuma ya magunia ya maharage, kwa sababu mama ya muke wangu alikuwa anashuka. Sikuwa na kosa lolote. Kwetu mama mukwe anaitwa buko, na buko na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa kuogopana: hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemeshani. Hapa Kalemie wengi wameshaiacha desturi hiyo. Lakini huyu mama ni wa Kirungu, kule juu kwenye milima, na yeye hajaacha kitu. Miaka tisa nimeishi na binti yake, na uso wake nilikuwa siujui. Nilijua mugongo, kitenge na sauti.

Safari hii ilikuwa na jambo zito ndani yake. Baba mukwe alikuwa amekufa, na muke wangu ni mutoto wao wa pekee. Wakati wa mvua mama aliteleza kwenye njia ya kisima, akalala pale na mguu ulioumia tangu asubuhi mpaka jirani alipopita jua likishuka. Muke wangu alilia siku mbili. Akataka mama ahamie kwetu. Mama akakataa, akakubali tu kuja kutembea, arudi na boti ya Jumatatu. Tulikuwa tumeshamutafutia chumba kwa mama mujane tunayepakana naye, ili asilale chini ya bati moja na mimi.

"Wewe njo utamuonyesha muji, wewe mwenyewe," muke wangu akaniambia. "Mpaka asahau boti."

"Mimi? Buko yangu mwenyewe?"

"Wewe njo unajua muji. Mimi ninajua soko na kanisa."

Nilinung'unika kidogo, maana mwanaume lazima anung'unike, lakini ndani nilikuwa na hamu kubwa. Kazi yangu ni kutengeneza injini za boti, na udadisi kwangu ni ugonjwa. Kitu kikifungwa, mikono inaniwasha mpaka nikifungue. Na huyu mama alikuwa amenifungia miaka tisa.

Jumamosi tukatoka. Mimi mbele, ninasukuma baiskeli iliyobeba mukeka na chakula. Muke wangu katikati. Mama nyuma, chini ya mwavuli. Tulianzia bandarini, ambako walikuwa wanapakua mizigo ya kutoka Kigoma.

"Muulize bwana yako, ile chuma ndefu inainua nini?" nikasikia nyuma.

"Mama anauliza ile chuma inainua nini," muke wangu akasema.

"Nimesikia. Mwambie inainua makontena na simenti."

"Anasema makontena na simenti."

"Nimesikia," mama naye akasema. "Muulize, na ikiangukia watu?"

Ndivyo tulivyokwenda asubuhi nzima. Kila neno linapita mara mbili, na kila mutu amelisikia mara ya kwanza. Wapakuaji walicheka mpaka wakatua mizigo chini.

Kwenye stesheni ya gari la moshi nilifikiri nitajifaharisha. Nikaeleza reli inavyokwenda mbali, mpaka Kabalo na mbele zaidi. Mama alitazama pale reli inapoishia, akauliza: kama reli inaishia hapa, kichwa cha treni kinageukia wapi ili kirudi? Nimezaliwa muji huu. Nimeona treni hiyo tangu nikiwa ninatambaa, na swali hilo halijawahi kunipitia kichwani. Ilibidi niende kwa mulinzi, naye akaeleza kwamba kichwa kinafunguliwa, kinapita reli ya pembeni, kinakuja kufungwa upande wa pili. Nilirudi na jibu lile nikiwa na haya na furaha pamoja. Mama aliposikia alisema "ahaa", ndefu, na muke wangu hakuhitaji kuitafsiri.

Kilichonikasirisha ni mulima. Nilikuwa nimeuweka wa mwisho makusudi: zile nyumba za zamani zenye baraza pana, na kutoka pale ziwa lote linaonekana, boti zinakuwa vidoti tu. Kila mugeni akifika pale anasahau njaa. Mama alifika, akapumua, akatazama mara moja.

"Mwambie bwana yako, hii ya kuangalia ziwa toka juu iko kwangu Kirungu," akasema. "Na kwangu kuna baridi nzuri."

Usiku wa siku ile muke wangu alitoka kwa jirani akiwa amenyong'onyea. "Amefunga mufuko wake," akaniambia. "Nguo zote ziko ndani. Ameacha tu ya misa." Nilijisikia ni mimi niliyemurudisha kwenye ile njia ya kisima.

Jumapili tulisali wote. Wakati wa kupeana amani, mama alipeana mukono na safu nzima, akaniruka, akaendelea na mutu aliye upande wangu wa pili. Baada ya misa nikawapeleka ufukweni, na hapo nilifanya ujinga wa kweli. Nilifikiria muchanga, upepo, watu wenye furaha. Sikufikiria kwamba Jumapili wanaume wa muji wote wako pale wanaogelea, nusu uchi. Wenzangu wa karakana wakaniita kwa sauti nivue nguo niingie. Mama akajifunika kitenge kichwa kizima. Muke wangu akaniangalia, na ningependa kumezwa na ule muchanga.

"Umeleta mama aone nini hapa?"

Lakini kutoka ndani ya kitenge sauti ikasema: "Muulize, wale hawaogopi mamba?"

Nikajibu haraka kwamba hapa hawasumbui, mamba ni wa upande wa Lukuga.

"Lukuga njo nini?"

"Muto. Pale maji ya ziwa yanapotoka."

Kitenge kikasogea. "Ziwa linatoka? Linakwenda wapi?"

Hapo nikaelewa. Mama huyu ameishi maisha yake yote analiona ziwa kila siku, na hakuna aliyemwambia kwamba lina mulango. Hatukukaa hata dakika kumi ufukweni. Safari hii yeye njo alikuwa anatuharakisha, na mguu wake mubaya.

Tulipokaribia daraja la Lukuga maswali yalikuwa mengi, na jua lilikuwa kali. Muke wangu akasimama katikati ya njia.

"Mimi si redio," akasema. "Muongee ninyi wawili ao munyamaze." Akaenda kukaa kwa mama mukaanga ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, akatugeuzia mugongo.

Tukabaki kando ya maji, baiskeli katikati yetu, kila mutu anatazama mbele. Muto ulikuwa unapita polepole, umebeba majani. Sikujua niweke mikono wapi.

"Wewe baiskeli," mama akasema. "Hii maji inatoka kweli, ao inazunguka tu?"

Nikashika usukani. "Baiskeli, mwambie inatoka. Inakwenda mpaka muto wa Lualaba, inapita Kisangani, inafika Kinshasa, na mwisho inaingia kwenye bahari."

"Miaka yote nilifikiri imekaa," akasema.

Akaiuliza baiskeli kama mulango huu unaweza kufunga. Nikaieleza baiskeli namna matope na majani yanavyouziba, na namna ziwa linavyopanda mpaka linaingia kwenye nyumba za watu wa chini. Akauliza samaki wakipita wanarudi namna gani. Akauliza mengine. Sijawahi kufurahia mazungumuzo hivyo, na sikuwa hata ninamuona.

"Baiskeli," akasema, "kule kwangu pia ninauliza. Asubuhi ninauliza kama mvua itanyesha. Muzee wangu njo alikuwa anajibu, hata kama hajui. Sasa ninauliza, nyumba inanyamaza. Nimeanza kuacha kuuliza."

Sikufikiri. Niligeuka, nikamutazama. Ni uso mudogo, na macho ni yale yale ya muke wangu, yamejaa maji. Yeye pia alinitazama, kama vile naye alikuwa anasubiri miaka tisa kujua nimefanana na nini. Kisha akavuta kitenge, akajifunika.

"Baki na sisi, Mama," nikasema. Masikio yalikuwa yananiwaka moto. Nilijua nimeshaharibu, na kama ataondoka sasa, kosa ni langu peke yangu. "Ukiuliza, mimi nitajibu."

Maji yaliendelea kupita. Nilimuona muke wangu kule mbali amesimama, ameshika mudomo.

"Toka hapa mpaka Kinshasa," mama akasema, na safari hii hakuitaja baiskeli, "hii maji inatumia siku ngapi?"

"Sijui, Mama."

"Basi kesho tutatafuta mutu anayejua."

Kesho ilikuwa Jumatatu, siku ya boti.